Nani katika vyuo vyetu anazisoma Kenya, Kongo na Somalia?

Mhariri,

Nakuomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka katika soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, na ni mama wa binti anayesoma mwaka wa tatu shahada ya uhusiano wa kimataifa. Kwa kusimama pande hizo mbili nimeona jambo ambalo naamini wakuu wa vyuo vyetu wanapaswa kuulizwa hadharani. Vyuo vyetu vinafundisha habari za dunia nzima, lakini nchi za jirani zetu, ambazo ndizo tunazouziana nazo kila siku, havizisomi kwa kina. Hatuna wasomi wa kutosha wanaoijua Kenya, Kongo, Somalia au Msumbiji kwa namna ambavyo watu wa Ulaya na Japani wanavyotujua sisi.

Kwa asiyeifahamu Kibaigwa, ni mji mdogo uliopo kwenye barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro. Soko lake linaitwa soko la kimataifa la nafaka, na linastahili jina hilo. Mahindi yanashuka hapa kutoka Kiteto, Gairo, Kilindi na vijiji vya Kongwa yenyewe, kisha yanapanda tena kwenye malori yanayoelekea mipaka ya Namanga, Rusumo na Tunduma. Msimu ukishaanza, ukipita alfajiri utawakuta wapakizi wamekwisha kupanda juu ya magari, mama lishe wamewasha majiko, na madalali kila mmoja ana simu mbili, moja ya laini ya huku na nyingine ya Kenya. Bei ya gunia la mkulima wa Kiteto inapangwa hapa asubuhi kwa kusikiliza kwanza Nairobi wamelalaje. Hilo analijua hata kijana anayeshona midomo ya magunia.

Chukua mwaka 2017. Kenya ilikuwa imepigwa na ukame, na uchaguzi wao mkuu wa Agosti ulikuwa unakaribia. Bei ya unga ikapanda hadi ikawa hoja ya kampeni. Mwezi Mei serikali yao ikaweka ruzuku, pakiti ya kilo 2 ikauzwa kwa shilingi 90 za kwao, na mwezi huo huo meli ikashusha mahindi ya Mexico katika bandari ya Mombasa. Mexico, Mhariri! Mahindi yanavuka bahari kuu kuja Mombasa, wakati yapo mahindi upande wa pili wa mpaka wa Namanga. Mwishoni mwa Juni, mavuno yetu ndiyo kwanza yanaingia sokoni, serikali yetu nayo ikapiga marufuku kusafirisha mahindi nje ya nchi ili kulinda chakula cha ndani. Anayetaka kuuza nje akaambiwa asage, auze unga. Hapa Kibaigwa bei ikaporomoka. Wakulima waliokuwa wamekopa kwa ajili ya trekta na mbegu waliuza kwa uchungu mkubwa, na wengine walirudi nyumbani na mzigo wao.

Siandiki kulaumu uamuzi wa serikali yoyote. Kila nchi ina wajibu wa kulinda sahani ya watu wake. Ninachouliza ni hiki: mwaka ule, katika vyuo vyetu vyote, ni nani aliyekuwa amekaa Nairobi, Eldoret na Kitale, anajua kwamba bei ya unga nchini Kenya ni suala la kura, anajua kwamba mavuno ya kule Bonde la Ufa huanza kuingia maghalani mwezi Oktoba, anajua kibali cha kuagiza mahindi kinapitia mikono ya nani, akawaandikia wakubwa wetu mwezi Januari kwamba ifikapo Mei hali itakuwa hivi? Na aliyetuandikia sisi wa sokoni ni nani? Haikuwa ajali ya mwaka mmoja. Mwaka 2022 Wakenya walikuwa na uchaguzi mwingine wa Agosti, na mwezi Julai serikali yao ikaweka ruzuku nyingine, safari hii pakiti ile ile kwa shilingi 100. Mtu aliyeisoma Kenya kwa miaka mfululizo angeliona jambo hilo likija kutoka mbali.

Kati ya chaguzi hizo mbili kuna habari ya sumukuvu. Machi 5, 2021 Kenya ilitangaza kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo ya ukungu. Siku chache baadaye walilegeza kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na kiwepo cheti cha uasili wa bidhaa. Kiwango hicho cha 10 hakikuwa kipya, kilikuwa tayari kwenye viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki ambavyo sisi wenyewe ni sehemu yake. Lakini sokoni kwetu wengi walikisikia kwa mara ya kwanza kwenye redio wakati malori yamekwisha kupakiwa. Mzigo wangu mmoja ulikuwa njiani, umeshapita Kondoa. Dereva alinipigia kutoka Babati akaniuliza, "Mama, niendelee au nigeuze?" Nilizunguka soko zima na simu mkononi nikiwauliza wenzangu, wazoefu na waliosoma. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia kama zuio lile ni la wiki, la mwezi au la mwaka, wala kama nyuma yake kuna afya ya walaji peke yake au kuna na wakulima wa Kenya wanaolilia bei. Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa na mpakizi wala dalali. Linajibiwa na mtu aliyeifanya nchi ya jirani kuwa kazi yake ya maisha.

Binti yangu alipofika hatua ya kuchagua mada ya tasnifu, nilidhani angeandika juu ya mambo haya. Ameyakulia. Akiwa mdogo alikuwa anakaa juu ya magunia anahesabu kwa sauti pamoja na wapakizi. Akarudi likizo na mada yake: upanuzi wa NATO, ule umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, katika Ulaya ya Mashariki. Nikamuuliza, "Mwanangu, mbona mbali hivyo?" Akanijibu kwa adabu, na majibu yake yalinifunga mdomo. "Mama, ya huko vitabu vipo, makala zipo kwenye intaneti, nasoma nikiwa hosteli. Nikitaka kuandika juu ya mahindi yetu na Kenya, lazima nikae Namanga, niende Nairobi, nikahoji watu. Nani atanilipia? Halafu msimamizi wangu ana wanafunzi wengi, anataka mada itakayoisha kwa wakati."

Sikumlaumu, na msimamizi wake pia simlaumu. Wala sisemi NATO isisomwe. Vita ya Ukraine ilipoanza Februari 2022, bei ya mbolea ilipanda mpaka kwenye maduka ya pembejeo ya Kongwa, kwa hiyo ya mbali nayo yanatuhusu. Kinachoniuma ni kijana kulazimika kusoma ya mbali kwa sababu ya karibu hayana vitabu, hayana fedha na hayana mwalimu. Kwa kukosa huko, kila mwaka vyuo vyetu vinatoa wahitimu wa uhusiano wa kimataifa ambao wanaweza kukueleza Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuanzia mlangoni hadi jikoni, ila ukiwauliza Lubumbashi kule Kongo wanakula unga wa wapi, wanakutazama.

Kwenye madaftari ya binti yangu ndiko nilikojifunza jinsi wenzetu walivyoijenga elimu hii ya kuzisoma nchi za wengine, na nilipoanza kuifuatilia sikuacha. Waingereza walianzisha chuo chao cha lugha na masomo ya Mashariki pale London mwaka 1916, Afrika ikaja kuongezwa kwenye jina baadaye, kwa sababu walihitaji watu wa kutawala makoloni. Waholanzi wana kituo chao cha masomo ya Afrika mjini Leiden tangu 1947. Waswidi na jirani zao wa nchi za Nordiki wana taasisi yao Uppsala tangu 1962. Wajapani walifungua kituo cha masomo ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Kyoto mwaka 1986. Wamarekani ndio walioniacha nikiwaza zaidi. Mwaka 1957 Warusi walirusha satelaiti yao ya Sputnik angani, Marekani ikashtuka, na mwaka uliofuata tu Bunge lao likapitisha sheria ya kutoa fedha za serikali kwa vyuo vifundishe lugha za kigeni na kuanzisha vituo vya kusoma maeneo mbalimbali ya dunia. Kiswahili chetu kikaingia kwenye madarasa yao kupitia mlango huo. Waliona hatari, wakalipia maarifa. Sababu zao nyingine hazikuwa njema kwetu, hilo lisifichwe. Lakini hakuna aliyesubiri wageni waje wamweleze jirani yake ni nani.

Miaka iliyopita alikuja kijana wa Kijapani kwenye kijiji anakoishi shemeji yangu, huku huku Kongwa. Alikuwa amejifunza Kiswahili kabla hajapanda ndege, na alipofika akaanza Kigogo. Asubuhi ya kwanza aliwasalimia bibi zetu "Mbukwenyi", wakafurahi kama wamepata mjukuu. Alikuwa na mizani ndogo ya mkononi ya kupimia unga kabla haujaingia chunguni, na daftari la miraba alimoandika kila kitu: kaya gani imekula nini, mtama kiasi gani, mlenda kiasi gani, nani amemkopesha nani debe na atalirudisha lini. Alikuwepo kipindi cha njaa cha Januari na Februari, alikuwepo kwenye palizi, alikuwepo kwenye mavuno. Mtoto akiugua alikwenda naye zahanati na kuandika nauli imetoka wapi. Nilipokwenda msibani kule nilimkuta amekaa mkekani na wanaume wengine, anafuata mazungumzo yote. Alivyozijua kaya zile, sidhani kama kuna Mtanzania mwenye shahada aliyezijua hivyo.

Nampa heshima yake kijana yule. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na yeye aliinama. Ila tangu siku zile najiuliza, ni kijana gani wa Kitanzania aliyekaa hivyo Turkana kule Kenya? Nani amekaa Katanga kule Kongo? Nani amekaa Baidoa kule Somalia au Cabo Delgado kule Msumbiji, akarudi na daftari la namna ile, akafundisha darasani na akaitwa wizarani kushauri?

Sisi wa Kongwa tunajua gharama ya kupanga mambo ya mahali bila kukaa mahali hapo. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulizunguka Tanganyika kwa wiki 9 ukaandika ripoti. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kung'oa vichaka vya Kongwa ili zilimwe karanga za kutoa mafuta kwa ajili ya Uingereza iliyotoka vitani. Udongo wa hapa ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu ya saruji, na mvua haikufuata hesabu za ripoti. Mwaka 1951 mradi uliachwa, zikiwa zimepotea pauni milioni 36 hivi za wakati ule. Wagogo walikuwa wanajua miaka ya ukame inavyopokezana na kwa nini wanalima mtama na uwele, lakini ujumbe wa wiki 9 hauna muda wa kukaa na wazee ukasikiliza.

Na ni Kongwa hiyo hiyo iliyowapokea wapigania uhuru kuanzia miaka ya 1960. FRELIMO wa Msumbiji, SWAPO wa Namibia, MPLA wa Angola, ZAPU wa Zimbabwe na ANC wa Afrika Kusini walikuwa na wapiganaji wao kambini hapa. Wazee wetu waliwauzia kuku na maziwa, walijifunza maneno ya lugha zao, na wapo waliozaa nao. Ukitaka kusoma uhusiano wa nchi za kusini mwa Afrika, kuna vibaraza hapa Kongwa ambavyo vina habari zisizopatikana kwenye maktaba. Watafiti kutoka nje wamekuja kuzirekodi. Wanafunzi wetu wa uhusiano wa kimataifa waje nao, na waje mapema, kwa sababu wazee hao tunawazika mmoja mmoja.

Nataka kutoa mfano wa utafiti uliotufikia, ili nisionekane nadai kisichowezekana. Zamani tulikuwa tunapima ukavu wa mahindi kwa chumvi. Unachukua chupa kavu ya kioo, unatia mahindi kidogo na chumvi kavu, unafunga, unatikisa vizuri, kisha unaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Ikianguka yote chini, mahindi yamekauka. Njia hiyo inasaidia mpaka leo kwa mkulima asiye na kifaa. Mwaka 2016 ikatokea ile balaa ya sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 20 wakafariki. Wataalamu wa afya na wa kilimo wakaja, wakapima nafaka na wagonjwa, na baada ya hapo mafunzo yakashuka mpaka vijijini, kwa Kiswahili: anika juu ya turubai, usianike ardhini; weka magunia juu ya chaga, usiyaegemeze ukutani; mahindi yaliyoota ukungu usimpe mtu wala kuku. Leo wanunuzi wengi wanatembea na kipima unyevu. Kikisoma zaidi ya asilimia 13.5 mzigo unarudi juani, na hakuna anayebishana. Mama asiyejua kusoma anajua habari ya sumukuvu.

Hao walikuwa watafiti wa mimea na magonjwa. Mimi nawataka watafiti wa mipaka, wa siasa za chakula, wa mikataba, waje kwa njia ile ile na kwa lugha ile ile.

Na mambo yanazidi kupanuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa kwa mkataba wa 1999 ilikuwa na nchi 3. Sasa ni 8: Rwanda na Burundi waliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia wakakamilisha 2024. Juu yake kuna SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na juu yake tena kuna Eneo Huru la Biashara la Afrika ambalo biashara yake ilifunguliwa rasmi Januari 2021. Kila mkataba una viambatanisho, na kila kiambatanisho kina masharti ambayo siku moja yatamkuta mama mmoja pale mpakani akiwa na tani 30 nyuma yake.

Kongo kwa mfano. Watu wa Lubumbashi wana Kiswahili chao, na bei tunaelewana vizuri tu kwenye simu. Makaratasi ni Kifaransa. Mama mwenzangu anayepeleka unga kule alisainishwa karatasi na wakala mmoja mpakani, akaelezwa kwa mdomo kwamba ni ya kawaida. Lori likakaa foleni, na siku ya kutoka akadaiwa fedha ya maegesho kwa kila siku iliyopita. Ilikuwa imeandikwa pale pale juu ya sahihi yake, Kifaransa safi. Faida ya mzigo wote ikaishia hapo. Yule mama ana watoto wanne shuleni.

Kwa hiyo kwenye kozi hizi lugha ya jirani iwe lazima, na isomwe mpaka mwanafunzi aweze kusoma tangazo la serikali ya kule na kubishana bei sokoni. Kifaransa na Kireno kwa ajili ya makaratasi, na mojawapo ya lugha za watu wenyewe: Kisomali, Kinyarwanda, Lingala. Vijana wengi niliokutana nao wa fani hiyo wanajua Kiswahili na Kiingereza, basi. Mjapani yule anajua Kigogo.

Wakishajua lugha waende wakakae. Najua nitaambiwa hakuna fedha, lakini fedha nyingine zipo na zinatumika vibaya. Bodi ya Mikopo hutoa kwa wanafunzi wanaostahili fedha za mafunzo kwa vitendo. Binti yangu na wenzake walipelekwa maofisini, wakashinda wiki zote wanatoa fotokopi na kupeleka mafaili ghorofani. Fedha hizo hizo zingewaweka Namanga, Rusumo, Kabanga au Tunduma, wakae kwenye vituo vya huduma kwa pamoja mpakani, wahesabu malori, wasome nyaraka zinazorudishwa na kuuliza zimerudishwa kwa nini. Wanaoendelea na shahada ya pili wavuke kabisa. Wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza mwaka 2017 kwamba ukanda wetu ni eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lipo Kampala kwa kazi hiyo. Mwanafunzi wa Dodoma akae mwaka mzima Eldoret au Bujumbura, na wa Bujumbura aje akae hapa, asomee Kibaigwa. Tume ya Sayansi na Teknolojia nayo, ambayo ndiyo inayotoa vibali vya utafiti, inawafahamu wote wanaokuja kutusoma kutoka nje. Kila kundi la wageni lipewe kijana wetu wa fani hii afanye nalo kazi tangu siku ya kwanza mpaka ripoti inaandikwa, na jina lake liwepo kwenye ripoti.

Kuna kufuli moja ambalo nimeonyeshwa na mhadhiri mmoja anayenunua mchele kwangu. Alinieleza kwamba cheo chake kinapanda kwa makala zinazochapishwa kwenye majarida ya kitaaluma, mengi yakiwa ya Kiingereza na ya nje. Akiandika kurasa nne za Kiswahili kwa ajili ya wafanyabiashara wa nafaka, hazimwongezei kitu. Anatamani kuziandika, lakini ana familia na anataka kupanda. Hapo wakuu wa vyuo wana uwezo wa kufanya jambo bila kusubiri mfadhili yeyote: ripoti ya Kiswahili iliyofika kwa wahusika na ikatumika ihesabiwe kwenye upandishaji vyeo. Wenye mamlaka hayo wako kwenye vikao vya vyuo vyenyewe.

Dodoma ndiyo inayostahili kuanza. Wizara zimehamia Mtumba, ya Mambo ya Nje ikiwemo. Bunge liko hapa. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo kilimani tangu 2007, na kina nafasi kubwa. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati iliyozinduliwa 2018 ni kipande cha njia ile ndefu ya kutoka Cape mpaka Cairo, na malori ya nchi mbalimbali yanapita juu yake usiku na mchana. Kutoka ofisi za Mtumba mpaka kwenye magunia yetu Kibaigwa mtu anakwenda asubuhi na kurudi kula chakula cha mchana. Sijui ni mji gani mwingine katika nchi yetu ambapo mwenye kutunga sera, mwenye kufundisha na mwenye kuuza wanakaa karibu namna hii.

Na sisi wafanyabiashara tuchangie, tusikae kudai tu. Nimezungumza na wenzangu kadhaa pale sokoni. Wapo tayari kutoa kiasi kwa gunia, mbali na ushuru wa halmashauri, kama kila mwezi wa msimu watapata karatasi moja ya kuaminika: Kenya mvua imenyeshaje, Kongo nani anaagiza, mpaka upi una foleni na kwa sababu gani, sharti gani jipya linakuja. Karatasi hiyo ikiandikwa na wanafunzi wakisimamiwa na mwalimu wao, itakuwa mafunzo kwa vitendo yenye maana kwao na kwetu.

Kwa upande wangu nina chumba nyuma ya ghala, kina kitanda, umeme na maji. Mhadhiri yeyote mwenye mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya nafaka zetu na nchi jirani amlete kuanzia mwezi Juni, wa kike au wa kiume, chakula atakula na sisi. Nitamkutanisha na madereva wa Kenya, wa Rwanda na wa Kongo, na nitamfungulia madaftari yangu ya bei, msimu kwa msimu, yana majina ya mipaka, bei ya kununua, bei ya kuuza na sababu ya kila mzigo uliorudishwa. Hajawahi kuja mtu kuyaomba. Akimaliza kazi yake aniachie nakala moja ya Kiswahili niibandike kwenye ubao wa matangazo wa soko, pembeni ya mizani, ambapo kila mtu anapanga foleni.

Mfanyabiashara wa nafaka,
Soko la Kibaigwa,
Kongwa, Dodoma.